Tuanze na paa, ndipo mapazia

Mhariri,

Jumba la Opera la Tabor lilifunguliwa Novemba 20, 1879 katika mji wa migodi wa Leadville, Colorado, Marekani, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mjenzi wake, Horace Tabor, alitajirika kwa madini ya fedha. Bei ilipoporomoka mwaka 1893 akafilisika. Tangu 2016 jumba ni mali ya mji.

Wengi husifu kuta. Kwangu hazina kubwa ni mapazia ya mandhari ya jukwaani, yaani vitambaa vikubwa vilivyochorwa picha kwa rangi. Enzi hizo rangi ya unga ilichanganywa na maji na gundi ya ngozi ya wanyama iliyopashwa moto. Gundi hiyo ikilowa hulainika tena hata baada ya miaka 100, kwa hiyo paa likivuja rangi huchuruzika na kuacha michirizi isiyofutika. Gundi ikichakaa, rangi hutoka kama vumbi.

Msiyafute kwa kitambaa kibichi, tafadhali! Vumbi liondolewe taratibu kwa sifongo kavu, rangi ikiwa bado imeshika. Yasikunjwe, yaviringishwe kwenye bomba pana. Pesa za ukarabati zikiwa haba, zianzie kwenye paa.

Msomaji wenu