Somo, naiomba hadithi ya beseni

Tanga, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Ngamiani. Sisi wazima. Goti la Bi Mkubwa limetulia tangu vuli ikate, embe dodo zimejaa sokoni hadi zinaozea mafungu, na paka wako uliyeniachia kazaa tena juu ya kabati. Ya nyumbani ni hayo, mengine yatafuata, maana nina neno linanikaa kooni tangu Ijumaa. Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu nimeishika mara tatu nikairudisha mezani. Hili nataka ulisome peke yako, ulirudie, ukitaka kulia ulie, ukitaka kunikasirikia unikasirikie, na mimi nisiwepo kukuharakisha.

Kuna kamati imeundwa hapa mjini kuwachangia watoto wa miguu kifundo, wanaozaliwa nyayo zimejikunja kwa ndani. Harambee ni Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbini Raskazone, baada ya magharibi. Wamenitaka nisimame mbele ya watu niseme dakika ishirini kabla kapu halijapita. Mwalimu wa Chumbageni ndiye aliyenitaja, nawe unajua Mwalimu akishakutaja hakuna kujificha. Fedha ni za nauli na viatu. Wanasema akina mama wengi wanaokatisha matibabu hawakuchoka plasta. Nauli ndiyo iliyowaishia katikati, plasta ya tatu au ya nne.

Nimekubali. Lakini kila nikikaa kuandaa maneno, kinachonijia ni beseni lako la bluu.

Umesahau wewe? Mimi sijasahau. Jumanne jioni unashuka basi la Pangani, mwana mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Unakula tonge mbili, unachemsha maji, unayapoza kwa kiwiko, unamkalisha Bwana Mdogo kwenye beseni uani kwangu. Plasta inalainika polepole, maji yanageuka meupe kama tui la kwanza, nawe unatafuta ncha ya bandeji kwa kucha. Ukiipata unaikunjua taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, hadi ule mguu unatoka, mwembamba, ngozi inabambuka, na yeye anaupigapiga hewani kwa furaha ya kuwa huru usiku mmoja. Halafu lile jambo lako la kalenda. Unaikanyagisha ile nyayo nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, unaizungusha kwa wanja. Wiki ya kwanza nyayo imejikunja, inatazama mwenzake kama inataka kumnong'oneza. Wiki ya pili imefunguka kidogo. Ya tatu, ya nne. Ukiziangalia zote pamoja ilikuwa kama mshale wa saa unaotembea. Ulikuwa unaninyanyulia ile karatasi kwenye taa ya chemli, husemi kitu, unacheka tu.

Somo, hiyo ndiyo hadithi. Sina nyingine. Nimejaribu kutunga ya mtoto asiyekuwepo na ikanifia mdomoni. Ninachokuomba ni ruhusa ya kuisema, na ukinikatalia nitaifunga, wala kati yetu hakitabadilika kitu.

Sasa nikueleze kwa nini nakuomba kwa barua badala ya kuisema tu bila jina kama wanavyonishauri. Unakumbuka mwaka ule nilipozungumza kwenye ile hafla ya akina mama, sitaitaja ya nani? Nilisema habari ya mama mmoja. Sikumtaja jina. Nilisema "mama mmoja muuza vitumbua karibu na kisima." Ukumbi ulilia, bahasha zikajaa, nikarudi nyumbani nimenyoosha shingo. Wiki haikwisha, yule mama akahamisha kikaango chake mtaa wa tatu. Nilimfuata. Akanikaribisha mkeka, akanipa chai, kisha akaniambia, "Mwanangu, umenisitiri jina, umenivua kisima." Nilimwomba radhi akanipa, Mungu amjaze kheri. Lakini mpaka leo nikipita pale kisimani na kuiona ile sehemu tupu, moyo unaniuma. Kisima kilikuwa kimoja, vitumbua vyake vilijulikana mji mzima. Nilijua. Nilitaka ile hadithi iwe nzuri, nikasahau kwamba ina mwenyewe.

Kwa hiyo sasa sisemi ya mtu mpaka aniambie sema. Kamati hawanielewi. Mmoja wao anataka tupandishe mama na mtoto jukwaani, mtoto avuliwe viatu watu waone. Nilimwuliza kama angempandisha wa kwake. Akanyamaza, lakini jambo hilo bado linazunguka, na Alhamisi tuna kikao kingine. Mwingine anataka takwimu ukutani dakika kumi nzima. Takwimu mimi sizikatai. Ni haki watu wajue kwamba takribani mtoto mmoja katika kila 1,000 huzaliwa hivi, wavulana mara mbili ya wasichana. Nitasema hilo mara moja, basi. Mwalimu kanisomea utafiti wa Marekani wa mwaka 2007. Watu walipewa dola 5 kila mmoja, kisha wakaombwa kuchangia wenye njaa Afrika. Waliosoma habari za msichana mmoja wa Mali wa miaka 7, Rokia, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa hesabu za mamilioni walitoa 1.14. Na waliopewa Rokia pamoja na hesabu walitoa 1.43! Yaani hesabu ilipokaa karibu na mtoto, mkono ukarudi mfukoni. Mimi bibi alinifundisha hivyo hivyo bila utafiti. Hakuwahi kutuambia palikuwa na mabinti mia msituni. Alikuwa mmoja, na alikuwa na kidonda mguuni, na tulijua mguu upi.

Halafu Mwalimu akanipa habari nyingine, na hiyo ndiyo imeninyima usingizi. London, tarehe 9 Februari 1858, karamu ya kuchangia hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, iliyokuwa imefunguliwa 1852 na vitanda 10 tu. Msemaji ni Charles Dickens, mwandishi yule wa Waingereza. Mbele yake mabwana wamekula wameshiba. Hakumleta mtoto yeyote ukumbini. Aliwachukua kwa maneno mpaka Edinburgh, chumba cha maskini alichokuwa ameingia siku moja na daktari, na humo akawaonyesha mtoto mgonjwa amelazwa ndani ya kasha la mayai. Kasha lenyewe mama yake aliliomba dukani. Mtoto halii, halalamiki, kalala tu anatazama kama anayestaajabu haya yote ni ya nini. Usiku ule zilipatikana zaidi ya pauni 3,000, hospitali ikanunua nyumba ya jirani, na vitanda vikatoka 20 vikafika 75.

Kasha la mayai, somo! Si machozi, si mifupa. Kasha, na kwamba liliombwa dukani. Nilipolisikia nikasema hili ni beseni la bluu. Lakini usiku nimelala nikaanza kujiuliza: yule mama wa Edinburgh alijua? Kuna aliyerudi kumwambia kwamba kasha lake limejenga wodi? Vitanda vile ni kweli, watoto walilala humo wakapona, na mimi siwezi kusema ingekuwa bora Dickens anyamaze. Ila ningependa wewe usiwe mama wa kwenye kasha. Wewe nina anwani yako.

Nilivyoipanga, ukiridhia, ni hivi. Nitaanza na "Paukwa!" na wataitikia "Pakawa!", hata wale wenye tai, maana hakuna aliyelelewa pwani hii ambaye mdomo wake utakubali kunyamaza hapo. Sitafungua karatasi. Nitakuwa na beseni tupu mezani na viatu viwili vya mtoto vilivyounganishwa kwa kile chuma. Nitasema basi la Pangani, masika, siku lilipozama kabla ya Kigombe ukashuka ukatembea na mbeleko kwenye matope ili usiikose kliniki ya Jumatano. Nitasema plasta sita, kila wiki moja. Nitasema ile kano ya kisigino iliyokatwa kidogo, na plasta ya mwisho ya wiki tatu. Kisha nitagonga meza kwa vile viatu, ko, ko, ko, kama kilivyokuwa kikigonga ubao wa kitanda usiku ule mlipolala kwangu nikadhani kuna mwizi. Viatu hivyo mtoto huvaa saa 23 kwa siku, miezi mitatu, halafu kila anapolala mpaka miaka minne. Watu wanadhani kazi ni plasta. Kazi ni hiyo ko ko ko ya miaka, na mama asiyevua viatu mtoto anapolia.

Nilimjaribishia Bi Mkubwa jikoni, yeye ni shahidi wa mambo yale, alikuwepo. Alikuwa anakuna nazi. Nilipofika kwenye beseni mbuzi ikanyamaza. Nilipomaliza akaniambia neno moja tu: "Hapo uliposema maskini, ondoa. Aliyepanda basi lile mara saba si maskini, ni msafiri." Nimeliondoa.

Sasa kuna sehemu naiogopa. Maneno ya kizingitini. Kwamba ulikaa mlangoni magharibi ukiwa na mimba, ndiyo maana mtoto akazaliwa hivyo. Siku ile uliponieleza ulikuwa unafua na hukuinua uso. Sitamtaja mama mkwe wako, wala sitasema yalitoka nyumba gani, na ukisema nisiyaguse kabisa sitayagusa hata kwa mbali. Lakini nakuomba uyafikirie. Wiki iliyopita nilikwenda kliniki kukaa tu na akina mama kwenye benchi, na binti mmoja, mdogo sana, mtoto wake wiki tatu, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli ni kwa sababu alikatiza makaburini. Nilimwambia hakufanya kitu. Akaniuliza tena. Nikamwambia tena. Ukumbini watakuwemo mama wakwe, watakuwemo waume, na ningependa wasikie kutoka kwangu kwa sauti kubwa kwamba hakuna mama aliyekosa lolote mlangoni wala makaburini. Wengine wanachangia fedha, sawa, lakini mwingine akirudi nyumbani akamwomba mkewe radhi, hiyo harambee imenilipa.

Ugomvi mwingine ni wa pilau, usicheke. Mshereheshaji anataka watu wale kwanza, kapu lipite mwisho. Nimemwambia kapu lipite hadithi ikiwa bado ya moto, na tutoe fedha taslimu au kwa simu pale pale, maana ahadi tunazijua. Mara iliyopita ahadi zilijaza daftari kurasa nne na zilizoingia zikatosha bahasha moja. Tukawa tunapiga simu mpaka Ramadhani. Kakubali nusunusu.

Basi, somo, nijibu. Unaridhia? Ukiridhia, ni yote au kuna pa kuruka? Nitaje Pangani au niseme "mbali" tu? Nimekwisha kuona kisima kinavyoweza kumtambulisha mtu. Na baba watoto, mmezungumza? Nisingependa alisikie mtaani. Na Bwana Mdogo mwenyewe, miaka tisa sasa, miguu ni yake si yako wala yangu: mwulize, na usimwulize mbele ya wageni akaona haya kukataa. Anataka watu wa Tanga wajue, au anataka kujulikana kwa mpira tu? Akikataa yeye, ninyi wawili mkikubali haitoshi, nitatafuta namna nyingine. Vile viatu vya kwanza vipo au mliwapa wengine? Yule dada wa kliniki aliyekuwa akimwimbia anapomfunga plasta, bado mnawasiliana? Kizingiti je? Niguse au nikiache?

Na ile kalenda, unayo? Kama unayo na unaweza kuiachia wiki moja, ikunje ndani ya khanga, mpe kondakta wa basi la Dar, shemeji yako ataipokea stendi na kuipandisha la Tanga. Sitaionyesha kwa yeyote mpaka uniandikie ndiyo. Kama hutaki itoke nyumbani, nipigie tu unihesabie zilikuwa nyayo ngapi kwenye ule ukurasa. Mimi nakumbuka sita. Bi Mkubwa anasema saba, kwamba ya mwisho uliichora wiki tatu baadaye, siku plasta ilipotoka kabisa, na kwamba siku hiyo ulimkanyagisha miguu yote miwili.

Wasalimie wote wa Mtwara. Jumatano kutwa nzima simu yangu itakuwa wazi.

Ni mimi,
Somo yako