Barua kwa mwanangu mwalimu: kijiko, soda na yai

Mwanangu,

Hujambo? Somo la soda darasa la pili lianze na kijiko, si na majina ya magonjwa.

Chukua chupa ya mililita 350 usome lebo. Ikiandikwa sukari gramu 10.6 kwa kila mililita 100, chupa nzima ina gramu 37. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa rula kina kama gramu 4, basi ni vijiko 9. Wengi hukosea hapa: huchota kijiko chenye kilima, sukari ikawa maradufu, na mtoto mwerevu akipima kwao anakuta mwalimu kaongopa. Watoto wahesabu wenyewe kwa sauti wakimimina kwenye glasi, kisha utie maji na kukoroga mpaka sukari ipotee machoni. Watauliza mbona soda haina utamu mkali hivyo. Ubaridi na uchachu huuficha; ndiyo maana soda iliyopigwa jua inachefua. (Futa meza mapema, sisimizi hawangoji kengele.)

Hesabu hii ni yako tu: Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ya juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,500 za nishati kwa siku ni gramu 37.5. Chupa moja karibu imemaliza kiasi hicho, na chai ya asubuhi hatujaihesabu.

Kwenye meno usiharakishe. Magego ya kwanza ya kudumu huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, na wazazi wengi hudhani yatang'oka. Bakteria wa mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuituliza. Kwa hiyo chupa inayonyonywa kidogo kidogo tangu mapumziko huumiza kuliko ile iliyoishia mezani pamoja na chakula. Yai la kuonyesha asidi inavyokula jino liloweke kwenye siki usiku kucha. Kwenye soda ganda hubaki na madoa tu, somo likakuharibikia.

Kisukari usikitumie kutisha. Ukiwa na mtoto mwenye kisukari aina ya 1, soda siyo iliyomletea, na sukari ya damu ikimshuka, mililita 150 za soda ndiyo dawa ya haraka. Iwe soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari.

Mama yako