Gemu yangu ilikwenda kwa saa ya Kiswahili

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu baba alipokuwa akinituma kulinunua kona ya soko la Ngamiani, hapa Tanga. Kwenye michezo nakuta Simba na Yanga, kwenye burudani nakuta Bongo Fleva, taarabu na filamu. Yote nayasoma na sina ugomvi nayo. Leo naomba nafasi kwa jambo ambalo sijawahi kuliona katika kurasa zako: gemu tulizocheza utotoni, na watu wanaokaa miezi kadhaa wakizitengenezea video ndefu za kuzisimulia upya.

Mwezi uliopita nilikuwa nasahihisha madaftari ya hesabu ya kidato cha pili. Mpwa wangu, ambaye nakaa naye, alikuwa sebuleni na simu. Nikasikia muziki. Kalamu nikaiweka chini, kwa sababu muziki ule naujua hata usingizini. Ni wa Goldenrod, mji mkubwa ndani ya Pokémon Gold, gemu ya Kijapani ya kukamata wanyama wa kubuni waitwao Pokémon na kuwapiganisha, na sikuwa nimeusikia tangu nikiwa sekondari.

"Mjomba, kwani hii gemu unaijua?"

Nilivuta kiti. Tukaitazama video nzima, zaidi ya saa moja na nusu, madaftari yakabaki mezani hadi kesho yake. Baada ya hapo nimetazama nyingine nyingi, za Wamarekani, Waingereza, hata Mfaransa mmoja ambaye nilimfuata kwa maandishi ya chini tu. Ni kazi za watu wanaoipenda gemu kwa dhati, na wanajua wanachokisema. Wanakueleza kwamba gemu ilionyeshwa kwa umma Japani mwaka 1997, ikacheleweshwa, ikatoka tarehe 21 Novemba 1999 ikiwa imebadilika sana. Toleo lile la maonyesho lilivuja mwaka 2018, na wao wakakaa wakalinganisha picha moja baada ya nyingine: huyu alifutwa, huyu alibadilishwa mkia, ramani hii ilikuwa Japani yote kabla ya kupunguzwa.

Wanaeleza pia jambo lililonisumbua utotoni bila kujua jina lake. Ukifika katikati, gemu inakupa uhuru wa kuchagua njia, kwa hiyo watengenezaji wakawaacha wakubwa wa miji, wale wanaokupa beji ukiwashinda, karibu katika kiwango kimoja. Poliwrath wa Chuck yupo leveli ya 30, Steelix wa Jasmine 35, na Pryce, ambaye ndiye wa saba, Piloswine wake yupo 31. Halafu unapelekwa kwa bingwa, Lance, ana Dragonite wa 50. Mwishoni kabisa, kule juu ya mlima, unakutana na Pikachu wa leveli ya 81. Sisi tulidhani tatizo ni uzembe wetu. Kumbe ngazi yenyewe ilikuwa na vidato vilivyong'oka.

Si video zote ni nzuri, nalo niliseme. Kuna hadithi inayorudiwa na wengi kwamba Satoru Iwata, aliyekuja kuwa rais wa kampuni ya gemu ya Nintendo mwaka 2002, ndiye aliyeibana gemu hadi nchi ya pili, Kanto, ikapata nafasi kwenye kaseti. Walichokisema waliohusika katika mahojiano ni kwamba alitengeneza programu za kubana picha za Pokémon, na hilo peke yake ni sifa tosha. Kanto imeongezwa na wasimuliaji, mmoja akichukua kwa mwenzake. Mimi ni mwalimu, nawaambia wanafunzi wangu kila siku waonyeshe njia, wasilete jibu tupu. Video ninazoziheshimu ni zile zinazoonyesha njia.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Gemu hii ilinifikia mwaka 2002, nikiwa darasa la tano, ndani ya begi la mjomba aliyekuwa akifanya kazi Muscat. Ilikuja na Game Boy Color, mashine ya mkononi ya kuchezea, ya mtumba, ya zambarau, kifuniko cha betri kimeshikizwa kwa selotepu. Kioo hakikuwa na taa. Mchana ulikaa dirishani, usiku ulisogea kwenye kibatari mpaka nyusi zinanukia moshi. Ilikula betri mbili ndogo, na zikichoka tulizianika juu ya bati ili zitupe nusu saa nyingine. Barazani kwetu tulikuwa watoto sita wa mashine moja. Tulipokezana, na kila aliyeshindwa alimpisha mwenzake.

Kila video unayoitazama itakusimulia Whitney wa Goldenrod na ng'ombe wake Miltank, anayebingirika, na kila akibingirika pigo linakuwa zito maradufu. Watoto wa dunia nzima walilia kwa ng'ombe yule. Na sisi alituchapa sote sita, jioni tatu mfululizo. Aliyetuokoa ni binti wa jirani, aliyezunguka duka la ghorofa la mji ule, akazungumza na kila mtu bila haraka, akampata mtu anayetaka Drowzee na kutoa Machop. Machop anapiga ngumi. Ng'ombe akaanguka. Kisha Whitney, badala ya kutupa beji, akaanza kulia. Sisi sote tukanyamaza barazani, maana hatukujua kwamba mkubwa wa mji naye anaweza kulia akishindwa. Hapo mimi na wale wasimuliaji wa Marekani tuko pamoja kabisa.

Tunaachana kwingine. Wao wote walianza na gemu ya kwanza, Red au Blue. Kwa hiyo ukimaliza Johto, nchi unayoanzia, na kuvuka kwenda Kanto, nchi ya gemu ile ya kwanza, wanasimulia kama mtu anayerudi nyumbani: mji ule nilizaliwa, njia ile niliipita, angalia ilivyobadilika. Na wengi wanalalamika kwamba wanyama wapya kama Houndour na Slugma wamefichwa kule, katika nchi ya zamani. Mimi sikuwahi kuiona ile ya kwanza. Kwangu Kanto ilikuwa ugenini. Nilivuka kama mtu anayeshuka bandari asiyoijua, sina ndugu, sina mwenyeji. Houndour hakuwa amefichwa, alikuwa mnyama wa huko. Na yule kijana anayesimama peke yake juu ya Mount Silver, asiyesema neno, ana nukta tupu tu, kwangu alikuwa mtu wa mlimani. Nilimwogopa kama tunavyowaogopa watu wanaoishi peke yao porini. Miaka ishirini baadaye ndipo video ikaniambia kwamba yule ni Red, mchezaji wa gemu ya kwanza, yaani msimuliaji mwenyewe alipokuwa mtoto. Kwao alikuwa kioo. Kwangu alikuwa mgeni, na hadi leo napenda zaidi alivyokuwa mgeni.

Halafu kuna habari ya saa, ambayo sijaisikia kwenye video hata moja.

Pokémon Gold ina saa ndani yake. Kuna asubuhi, mchana na usiku, na siku saba za wiki. Kabla ya kuanza, profesa anakuuliza ni saa ngapi. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi. Nikaweka 2. Ningeweka nini kingine? Nikaambia gemu ni Jumamosi, nikatoka nje ya nyumba ya mule ndani, nikakuta giza totoro na bundi Hoothoot majanini, wakati dirishani kwetu jua lilikuwa linachoma. Nikamwuliza mjomba. Akanijibu kwamba gemu imetoka Japani, na saa za Japani hazilingani na zetu. Nikaridhika.

Nikaishi hivyo miaka miwili. Usiku wa gemu yangu uliisha saa nne asubuhi. Mchana wake ulianza saa kumi jioni, nikirudi shule, ukaenda mpaka saa sita usiku. Nilipokuwa sekondari ndipo nikajua nimefanya nini: gemu yangu ilikuwa inahesabu saa kwa Kiswahili. Na siku yake ilibadilika saa kumi na mbili alfajiri, si usiku wa manane wa Kizungu.

Chini kabisa ya pango la Union Cave kuna Pokémon aitwaye Lapras, na anatokea Ijumaa tu. Watoto wa London na Chicago walimpoteza saa sita usiku. Mimi Ijumaa yangu iliendelea hadi Jumamosi kunakucha. Nilimkamata baada ya swala ya alfajiri, kibatari kimewekwa juu ya sanduku la mama, huku nasikia jogoo wa jirani. Nikauona mpira wa kumkamatia unatikisika mara tatu. Ukatulia. Nje kukapambazuka, na dakika chache baadaye gemu nayo ikasema Jumamosi.

Ni video iliyonifundisha, mwaka huu, kwamba upo mlango uliofichwa wa kurekebisha saa ile. Unabonyeza vitufe kwa mpangilio wake pale mwanzoni, kisha gemu inadai namba ya siri inayokokotolewa kutokana na jina lako, namba yako ya kitambulisho na fedha ulizonazo. Nilifurahi kujua, na nikafurahi zaidi kwamba sikujua wakati ule.

Mhariri, nani atayasimulia haya? Hao wasimuliaji hawawezi, si kosa lao. Na gemu zenyewe zinapotea. Mwaka 2017 ziliuzwa tena kwenye Nintendo 3DS, mashine ambayo mimi binafsi sijapata kuishika, na Machi 2023 duka lile la mtandaoni likafungwa kwa wanunuzi. Kwa kijana kama mpwa wangu, video ndiyo gemu yenyewe. Anachokiona humo ndicho kitakachobaki, na anachokiona ni utoto wa watu wengine.

Wala usiniambie hatuna watu wa kazi hiyo. Sisi ndio tuliokaa kwenye mabanda ya video tukisikiliza mtu mmoja mwenye kipaza sauti akizitia filamu za Kichina maneno ya Kiswahili, akiongeza majina ya mitaa yetu, hadi filamu ikawa ya kwetu. Anayeweza hilo anaweza kusimulia Pokémon, au gemu yoyote. Na simu ya kurekodia anayo mkononi.

Ninachoomba ni robo ukurasa, Jumamosi, kwa miezi michache. Waombe wasomaji wako waandike ni gemu gani, ililetwa na nani, ilichezwa wapi na watoto wangapi, umeme ulipokatika walifanyaje. Najua wapo, kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, na wengine wako huko Muscat. Vijana watachukua humo watengeneze video zao kwa Kiswahili.

Kaseti yangu ninayo bado, ile ya rangi ya dhahabu. Zamani iliacha kuhifadhi, Lapras akapotea na wengine wote, na kwa muda mrefu niliamini imekufa. Video ikanionyesha kwamba ndani yake kuna betri ya duara, CR2025, iliyochomelewa, na hiyo ndiyo inayoisha. Nikaipeleka kwa fundi simu wa karibu na soko. Skrubu yake ni ya ajabu, hana bisibisi yake. Akachukua bomba la biro, akalipasha moto kwa kiberiti hadi likalainika, akalikandamiza juu ya skrubu, akasubiri likapoa na kushika umbo, akazungusha. Ikafunguka kama mfuniko wa chupa. Akaichomoa betri ya zamani kwa hewa ya kuchomelea, akaweka mpya, akanitoza pesa ya soda mbili.

Jumapili, saa nne asubuhi, mpwa wangu aliianza upya. Profesa akauliza ni saa ngapi. Kijana akanigeukia, kidole kiko juu ya kitufe, kumi au nne?

Nikamwambia aweke nne.

Mwalimu wa hesabu,
Ngamiani, Tanga