Kwa nini nywele za Masalu zinanyonyoka

Nyegezi, Mwanza

Mpendwa Nyamizi,

Habari za Nansio? Barua yako nimeipata, na Jumapili nilipanda hospitali ya Bugando kumwona Masalu. Uvimbe wa taya umepungua mno, uji anakunywa mwenyewe. Umeuliza kama hizo dripu za dawa ya saratani ni sumu, maana nywele zinanyonyoka. Shangazi wa mtoto ana haki ya kujibiwa vizuri, na hili ndilo somo ninalofundisha.

Mwili hukua na kuziba majeraha kwa seli moja kugawanyika kuwa mbili. Kwanza seli hunenepa, inanakili DNA yake yote, yaani maagizo yake ya urithi, inajikagua, ndipo inagawanyika. Kazi kubwa ni hayo maandalizi: seli ya binadamu inayotumia kama saa 24 kukamilisha mzunguko, mgawanyiko wenyewe, yaani mitosisi, huchukua kama saa moja tu. Juzi wanafunzi walikata ncha za mizizi ya kitunguu, wakazilainisha kwa asidi, wakazitia rangi na kuzibonyeza chini ya kioo. Wengi wakalalamika kwamba kwenye hadubini wanaona viini vya duara tu. Halafu binti mmoja akaita: kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, zimejipanga mstari katikati ya seli, na kwenye seli ya jirani zimeshaachana, nusu huku, nusu kule. Darasa zima likamkimbilia.

Kinachozivuta ni nyuzi nyembamba za protini. Seli haiziruhusu kuachana mpaka kila kromosomu imeshikwa kutoka pande zote mbili. Ikibaki moja haijashikwa, zote 46 za seli ya binadamu zinasubiri. Mimi sijawahi kulizoea jambo hili.

Kwenye saratani seli haziheshimu tena breki zake. Hii ya Masalu, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, ng'ambo ya ziwa letu, inakimbia kuliko karibu zote: uvimbe unaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Ila mbio hizo hizo ndizo zinazoipa dawa nafasi. Vinkristini, iliyotoka kwenye ule mmea wa maua ya pinki wenye asili ya Madagaska ambao watu hupanda bustanini, inazuia zile nyuzi zisijengeke. Seli inakwama katikati ya kugawanyika, inakufa.

Sasa, dawa haichagui. Seli za mizizi ya nywele, za utando wa mdomo na utumbo, na za uboho unaotengeneza damu, nazo hugawanyika haraka, kwa hiyo zinaguswa. Ndiyo maana dripu zinatolewa kwa awamu, seli zenye afya zipate kujijenga. Nywele zitaota tena. Akilalamika ganzi miguuni au choo kigumu, mwambieni daktari: mishipa ya fahamu haigawanyiki, lakini ndani yake kuna nyuzi za namna ile ile.

Kubwa ni homa. Chembe nyeupe za damu zikipungua, maambukizi madogo yanaweza kumuua. Akiwa huko Nansio kati ya awamu na awamu, mwili ukichemka tu, hata usiku wa manane, mpelekeni hospitali saa ile ile na mseme yuko kwenye dawa za saratani. Msimpe panadol mkasubiri kukuche.

Mama yake anahitaji kanga na sabuni. Mpe mtu wa meli ya Ijumaa, nitapokea bandarini.

Rafiki yako,
Kabula