Jumamosi: tuizungumze sheria, Makorora

Assalaam alaykum na habari za jioni, ndugu zangu.

Jumamosi saa 3 asubuhi tunakaa tena chini ya mwarobaini, palepale. Mada ni nyumba ya ndoa.

Mara iliyopita mama mmoja alifungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne: nyumba anayoishi imewekwa rehani na mumewe, naye hakuulizwa. Tangu siku ile sijatulia. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja. Wangapi tunalijua hilo hapa Tanga?

Wasaidizi wa kisheria watakuwepo. Ni bure, msitoe hata shilingi. Mwenye mgogoro wa kiwanja aje pia. Tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui.

Njooni na nakala za karatasi zenu, hati halisi zibaki nyumbani. Akina baba, tafadhali msituachie akina mama peke yetu. Mikeka ipo, kahawa ipo.