Kwa nini hatupimi darasa tupu

Sisi hupima hewa ya madarasani, na wiki hii tumeambiwa tena kwamba bei zetu ni za wizi. Mwenye shule mmoja hapa Dar es Salaam aliona ankara yetu, akasema kuna kijana alikuja Jumamosi na kipimo cha mkononi, akamaliza madarasa yote kabla ya adhuhuri na kuandika "hewa safi".

Jumamosi wanafunzi hawapo! Hewa ukaa (kaboni dioksidi) inayojaa darasani hutoka kwenye pumzi za watoto. Darasa tupu lenye madirisha wazi litasoma karibu sawa na nje, yaani sehemu 420 hivi kwa milioni. Ndiyo maana sisi tunavihakiki vipimo kwanza, tunavifunga kabla ya kengele ya asubuhi, usawa wa kichwa cha mtoto aliyekaa, mbali na mlango, na vinarekodi kutwa nzima masomo yakiendelea. Watoto wakitoka mapumziko, tunaangalia hewa ukaa inashuka kwa kasi gani. Hapo ndipo tunapojua hewa ya nje inaingia kiasi gani. Kazi hiyo haifanyiki kwa kupita mlangoni.

Kinachowatia watu hasara zaidi ni kununua kiyoyozi kabla ya kupima. Kuna shule wazazi walilalamika kwamba watoto wanasinzia baada ya chai. Uongozi ukadhani ni joto, ukaweka viyoyozi vya ukutani, madirisha yakafungwa umeme usipotee bure. Tulipoitwa, joto lilikuwa nyuzi 24, zuri kabisa, lakini hewa ukaa ilipita sehemu 2,000 kwa milioni kabla ya chakula cha mchana. Sisi tukiona 1,000 tunaanza kuhoji. Viyoyozi vile huzungusha hewa ileile ya ndani, havivuti ya nje. Halafu walikuwa wameng'oa madirisha ya zamani na kuweka ya aluminiamu ya kuteleza, ambayo hata ukiyafungua yote unapata nusu tu ya uwazi. Na joto lenyewe la kabla ya viyoyozi lilikuwa linatoka kwenye bati lisilo na dari, ambalo mvua ikinyesha mwalimu hasikiki hata dawati la mbele.

Kupima vumbi la hewani nako kuna mtego wake: vipimo vya bei rahisi huhesabu unyevu kama vumbi, hasa asubuhi za masika.

Kama bajeti ni ndogo, mwalimu mkuu, usipimishe shule nzima. Tuchagulie darasa lenye watoto wengi kuliko yote na lile linalopigwa na jua la alasiri. Tutayapima hayo mawili kwa uangalifu uleule, na bei utaijua kabla hatujafunga kipimo cha kwanza.