Barua ya wazi kwa walimu vijana wa Pemba: fungueni chumba cha kompyuta

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wangu vijana, nyinyi mliopangiwa skuli za Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani, nakuandikieni barua hii nikiwa mstaafu aliyeshika chaki kwa miaka 36. Wiki chache zilizopita mmoja wenu alikuja barazani kwangu kunijulia hali, akanieleza kwa masikitiko kwamba skuli yake imepata kompyuta na projekta, lakini hajui aanzie wapi, na agizo pekee alilopewa ni kuvitunza visiharibike. Neno hilo lilininyima usingizi, kwa sababu niliwahi kulisema mimi mwenyewe.

Katika skuli moja niliyofundisha tulipewa kompyuta kumi, na ufunguo wa chumba nikakabidhiwa mimi. Tulizifunika kwa vitambaa tulivyoshonesha, tukatundika mapazia mazito, na watoto wakavua viatu mlangoni kama wanaoingia msikitini. Waliingia mara moja kwa wiki, darasa zima la watoto zaidi ya 60, wakasimama nyuma yangu kunitazama nikibofya. Msichana mmoja aliniomba ashike kipanya. Nikamwambia asubiri zamu yake, na zamu hiyo haikufika mpaka akamaliza skuli. Miaka michache baadaye kompyuta zile zilikufa zenyewe, kwa hewa ya chumvi na kwa umeme wa majenereta uliokuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo. Hakuna hata moja iliyoharibiwa na mkono wa mtoto. Uso wa yule msichana ninauona mpaka leo, na ndio unaonifanya niandike.

Nyinyi mna afadhali kuliko sisi. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, simu janja zimeingia nyumba nyingi, na vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vimegawiwa walimu. Kwa hivyo ninalokuombeni ni jambo moja tu: kifaa kikiingia darasani kifike mikononi mwa mtoto, na kifanyie kazi kitu ambacho mtoto huyo tayari anakijua kwao.

Chukueni mfano wa maji ya bahari. Mtoto wa Tumbe au wa Kojani hahitaji mwalimu wa kumfundisha bamvua, yaani siku za maji makubwa, na maji mafu, yaani siku za maji madogo, kwani amekua akiona siku ambayo ngarawa inakaa mbali mchangani na siku ambayo mama yake anatoka asubuhi kwenda kwenye mwani. Basi wagaweni watoto makundi ya watano watano, kila kundi lipate daftari, na kwa muda wa mwezi mmoja waandike kila siku saa ambayo maji yamejaa pomoni dikoni kwao, pale vyombo vya uvuvi vinapofikia, pamoja na kimo chake kwenye nguzo waliyoipiga alama za sentimita. Siku wasiyoweza kwenda wamuulize mvuvi, na waandike pembeni kwamba taarifa ya siku hiyo ni ya kuambiwa. Mwisho wa wiki waingize yote katika programu ya majedwali, kwa vidole vyao wenyewe, huku nyinyi mmeweka mikono nyuma.

Hapo patatokea kosa ambalo ningependa mlisubiri kwa hamu. Mtoto ataona maji yamejaa saa kumi za jioni, ataandika 10:00, na kompyuta itaelewa kuwa ni saa nne za asubuhi. Grafu itavurugika, watoto watabishana, na mwingine atasema mashine ni mbovu. Msiwahi kuwapa jawabu. Waacheni watafute mpaka wagundue kwamba mashine inahesabu siku kuanzia usiku wa manane wakati sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapotua, na kwamba saa yao ya kumi jioni lazima iandikwe 16:00. Kipindi kizima kinaweza kuishia hapo na hamtakuwa mmepoteza kitu, kwa kuwa watoto hao hawatasahau tena kwamba kompyuta inapokea inachopewa, na kwamba mwenye wajibu wa kuhakiki ni wao.

Wakishasahihisha, wafundisheni kutoa saa ya jana katika saa ya leo, halafu fomula ya kupata wastani. Wataona maji yanachelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, siku nyingine zaidi na nyingine pungufu. Kisha wachore grafu ya vimo na chini yake waandike tarehe za mwezi wa Kiislamu: mstari utapanda siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, utashuka umbo la mwezi angani linapokuwa nusu, na utapanda tena baada ya mwezi mpevu. Babu wa mtoto analijua hilo bila ya grafu. Lakini mtoto akimpelekea babu karatasi ile, akamsomea, na babu akaikubali au akaikosoa, hapo skuli na nyumba zitakuwa zinazungumza jambo moja, na jiografia, hisabati na kompyuta zitakuwa zimefundishwa kwa pamoja.

Katika makundi hayo, angalieni sana nani anashika kipanya. Mara nyingi ni mvulana mmoja ambaye nyumbani kwao kuna laptopu, na wengine wanne wanageuka watazamaji. Wekeni zamu za dakika kumi, mzisimamie kwa saa, na msichana aanze.

Nasisitiza mkono wa mtoto kwa sababu kutazama pekee tulishakujaribu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walisubiri mpaka mwaka 1994, na tulijivunia kwa haki kabisa. Hata hivyo, darasani kwangu chombo kile hakikubadilisha kitu, kwa kuwa kilisema na sisi tukasikiliza. Projekta inayoonesha maandishi yaleyale ya ubaoni inarudia hali hiyo. Mtu anayetaka kuona kinyume chake aende Kinyasini, Unguja, ambako akina mama wa vijijini, wengi wao wakiwa hawakusoma sana, wamefundishwa kuunda na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, na wamerudi kwao kuwasha taa.

Liko pia suala la lugha. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia hisabati na sayansi kuanzia darasa la tano, na programu nyingi nazo zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo mtoto anabebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mwacheni kwanza aeleze kwa Kiswahili alichokiona kwenye grafu. Akishaeleza vizuri, mpeni maneno ya Kiingereza ya vitu hivyohivyo, na mtamwona anayapokea kwa wepesi.

Kuhusu akili mnemba, yaani programu zinazojibu maswali na kuandika zenyewe, najua wengi wenu mna wasiwasi, na mimi ninao. Mwanafunzi akileta insha iliyoandikwa na simu, msimwaibishe mbele ya wenzake. Mketisheni, asome aya moja, aieleze kwa maneno yake. Kisha mpeni kazi ya kumuuliza bibi yake namna karafuu zinavyochambuliwa vikonyo, zinavyoanikwa na zinavyojulikana kuwa zimekauka; swali hilohilo aiulize na simu, na apige mstari kila mahali ambapo bibi na simu hawakupatana. Mashine hizi huandika kosa kwa lugha ileile ya uhakika inayotumika kuandika ukweli, na mtoto asiyezoezwa kulinganisha hana njia ya kulitambua. Zoezi hilo ninaliona kuwa na faida kubwa kuliko kumpiga marufuku asiguse simu, marufuku ambayo itaishia kwenye geti la skuli.

Mtandao ukiwa dhaifu, pakueni mnachohitaji mkiwa mjini au kwenye kituo cha walimu, mkihifadhi kwenye kifaa. Kompyuta ikiharibika, mwiteni fundi na muwaruhusu watoto wasimame wamtazame akiifungua, wamuulize maswali.

Na walimu wakuu wenzangu, najua hofu yenu, kwa kuwa nyinyi ndio mnaotia saini na nyinyi ndio mtakaoulizwa. Niliibeba hofu hiyo. Nakuombeni muandike katika kitabu cha vifaa siku ambazo kompyuta zimetumiwa na majina ya watoto waliozitumia, ili mkaguzi akija akute na hesabu hiyo pamoja na ile ya idadi ya vifaa.

Mimi nipo Wete. Baada ya sala ya alasiri hunikosi barazani, na ninalo daftari la maji kujaa na kupwa nililoliandika mwaka mzima baada ya kustaafu. Atakayetaka kuanza somo lile aje achukue nakala, awalinganishie watoto wake, na wakikuta nimekosea mahali, waniletee.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba